Njia fupi na ushahidi wake: shajara ya mradi

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na swali moja. Nilikuwa nikimwonyesha mwenzangu programu yangu ndogo ya kutafuta njia fupi kwenye grafu, yaani mtandao wa vituo (nodi) vilivyounganishwa kwa viungo vyenye bei. Ikatoa jibu: 13. Akaniuliza, "Nitajuaje kwamba hakuna ya 12?" Nikamjibu kwamba nimetumia algoriti (utaratibu wa hatua kwa hatua) ya mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra, ambayo ilithibitishwa zamani. Akasema, "Hilo linanihakikishia kuhusu Dijkstra. Kuhusu wewe, bado."

Alikuwa na haki. Uthibitisho uliomo vitabuni ni wa algoriti. Msimbo niliouandika mwenyewe, ambao huenda una kihesabu kilichozidi kwa moja mahali fulani, haujathibitishwa na yeyote. Dijkstra mwenyewe alilisisitiza hili kwa miaka mingi: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba kasoro zipo, hayawezi kuonyesha kwamba hazipo.

Basi lengo nimelipanga hivi. Programu itoe njia, na pamoja na njia itoe ushahidi ambao mtu asiyeiamini, asiyejua hata imeandikwa kwa lugha gani, anaweza kuukagua kwa kujumlisha na kutoa. Sehemu ya ukaguzi itakuwa programu ya pembeni, fupi, isiyojua chochote kuhusu Dijkstra. Nimeipa jina Mkaguzi.

Siku ya 3

Nimerudi kwenye chanzo. Edsger Dijkstra aliibuni algoriti hii mwaka 1956 akiwa Mathematical Centre, Amsterdam. Kompyuta ya ARMAC ilikuwa inakaribia kuzinduliwa, naye alihitaji swali ambalo hata mgeni asiye mwanahisabati angelielewa, na jibu lake pia: ipi ni njia fupi kati ya miji miwili ya Uholanzi? Alichagua miji 64, kwa sababu biti 6 zinatosha kuitofautisha. Alisimulia baadaye kwamba aliiwaza kwa dakika kama 20, ameketi mkahawani na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi, na kwamba kukosa karatasi ndiko kulikomlazimisha aukwepe ugumu usio wa lazima. Makala yake ilichapishwa mwaka 1959 katika jarida la Numerische Mathematik. Ina kurasa tatu. Ndani yake mna matatizo mawili: mti unaounganisha nodi zote kwa jumla ndogo kabisa, na njia fupi.

Mtu aliyejifunza algoriti hii darasani atashangaa kwamba lundo, ile foleni ya vipaumbele inayotoa haraka kitu chenye namba ndogo kabisa na ambayo tunaichukulia kama sehemu yake, halimo. Lisingeweza kuwamo, kwa sababu J. W. J. Williams alilieleza mwaka 1964. Nimeandika toleo la kwanza vivyo hivyo, bila lundo: kila hatua napitia nodi zote ambazo hazijafungwa, yaani ambazo umbali wake bado haujakamilishwa, na kuchagua iliyo karibu zaidi. Ni polepole, kazi inakua kwa mraba wa idadi ya nodi, lakini mistari ni michache na kila mmoja nauelewa. Lundo litakuja baadaye, Mkaguzi akiwa tayari amesimama kuliangalia.

Siku ya 5

Leo nimefanya kazi kwa karatasi tu, na ndiyo siku iliyonifaa kuliko zote hadi sasa.

Grafu yangu ya majaribio ina nodi sita: S, A, B, C, D na T. Viungo vina mwelekeo mmoja. S kwenda A ni 4. S kwenda B ni 2. B kwenda A ni 1. A kwenda C ni 5. B kwenda C ni 8. B kwenda D ni 10. C kwenda D ni 2. C kwenda T ni 6. D kwenda T ni 3. Ninataka kutoka S kufika T.

Dijkstra anafunga nodi moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa umbali kutoka S: S yenyewe kwa 0, B kwa 2, A kwa 3, C kwa 8, D kwa 10, T kwa 13. Njia ni S, B, A, C, D, T. Hadi hapo hakuna jipya.

Kisha nikajiuliza: kila mara nodi mpya inapofungwa, umbali unapanda kwa kiasi gani? Kutoka 0 hadi 2 umepanda 2. Kutoka 2 hadi 3, 1. Halafu 5, halafu 2, halafu 3. Nikachora ukuta kuizunguka S peke yake na kuuandikia unene 2. Nikachora ukuta wa pili kuzunguka S na B, unene 1. Wa tatu kuzunguka S, B na A, unene 5. Wa nne unaongeza C, unene 2. Wa tano unaongeza D, unene 3. Kuta tano, kila moja ndani ya nyingine, na T iko nje ya zote.

Sasa tazama. Yeyote anayetoka S kwenda T, apite njia yoyote ile, lazima avuke kuta zote tano. Na hakuna kiungo kinachovusha kwa bei iliyo chini ya unene wa kuta kinazopenya. Chukua kiungo cha B kwenda D: kinapenya ukuta wa pili, wa tatu na wa nne, jumla ya unene 1 + 5 + 2 = 8, na bei yake ni 10. Kiungo cha S kwenda A kinapenya wa kwanza na wa pili, jumla 3, bei yake 4. Nimevikagua viungo vyote tisa kimoja kimoja. Hakuna kinachopita chini ya unene. Kwa hiyo njia yoyote kutoka S hadi T inagharimu angalau 2 + 1 + 5 + 2 + 3, yaani 13.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwenzangu. Hakuna ya 12 kwa sababu kuna kuta za 13 njiani. Hahitaji kumjua Dijkstra, hahitaji kuona msimbo wangu. Nampa kuta tano na viungo tisa, anajumlisha.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kuta hizi sikuzitafuta. Dijkstra alikuwa anazijenga muda wote. Kila nodi anayoifunga ni ukuta mmoja umekamilika. Tumezoea kuichukua ile orodha ya umbali kama daftari la njiani, kitu cha kutupwa njia ikishapatikana. Kumbe njia ni nusu ya kazi, na hiyo orodha ndiyo nusu ya pili.

Siku ya 8

Nimetumia siku mbili kuziweka kuta hizi katika lugha ya watu wa uboreshaji wa kihisabati, kwa sababu nilishahisi kwamba wao wanazijua kwa jina lingine.

Wao huanza hivi. Kila kiungo kipewe namba: 1 kikitumika, 0 kisipotumika. Kutoka S itoke jumla ya 1, kwenye T iingie 1, na kwenye kila nodi ya katikati kinachoingia kilingane na kinachotoka. Punguza jumla ya gharama. Lengo ni la mstari, masharti ni ya mstari. Ni aina ya tatizo ambalo Leonid Kantorovich alilishughulikia mwaka 1939 na ambalo George Dantzig alilitungia mwaka 1947 mbinu ya simplex, inayotembea kutoka pembe hadi pembe ya umbo la majibu yote yanayokubalika. Mwaka huohuo wa 1947 John von Neumann alimweleza Dantzig kwamba kila tatizo la namna hii lina tatizo pacha. Palipo na kupunguza, pacha lina kuongeza. Palipo na sharti, pacha lina kigezo, yaani namba ya kutafutwa. Na thamani bora za matatizo hayo mawili hukutana.

Pacha la njia fupi ni hili: ipe kila nodi kimo. Kiungo kikitoka u kwenda v, kimo cha v kisikizidi kimo cha u kwa zaidi ya gharama ya kiungo hicho. Kipandishe kimo cha T juu ya S kadiri inavyowezekana. Vimo vyangu ni 0, 2, 3, 8, 10, 13. Ni umbali uleule wa Dijkstra, na kuta za juzi ni tofauti kati ya vimo vinavyofuatana. Hivyo ushahidi wangu unaandikika kwa namba sita tu, moja kwa kila nodi.

George Minty alitoa picha ya hili mwaka 1957 kwa barua fupi isiyosahaulika. Kama njia zinapitika pande zote mbili, tengeneza mtandao wa nyuzi: kila kiungo ni uzi wenye urefu unaolingana na gharama yake, kila nodi ni fundo. Shika fundo la S kwa mkono mmoja na la T kwa mwingine, uvute. Nyuzi zinazokaza ndizo njia fupi. Zinazolegea hazimo. Anayevuta anajaribu kuziweka S na T mbali iwezekanavyo bila kukata uzi, na hilo ndilo tatizo pacha. Nyuzi zilizokaza zinamwonyesha jibu la tatizo la awali. Mtu anatafuta kikubwa, anapata kidogo. (Minty huyohuyo, pamoja na Victor Klee, ndiye aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba simplex inaweza kulazimika kupita kwenye pembe zote za mchemraba uliopindishwa, na pembe hizo huongezeka maradufu kwa kila kigezo kipya.)

Katika grafu yangu viungo vilivyokaza ni vitano: S-B, B-A, A-C, C-D, D-T. Vilivyolegea ni S-A kwa 1, B-C kwa 2, B-D kwa 2, C-T kwa 1. Ulegevu huu nao una maana: unasema kila kiungo kingepaswa kushuka bei kiasi gani kabla hakijaanza kushindana.

Jambo moja lilinitatiza asubuhi nzima. Masharti ya mstari hayakatazi namba kama 0.5. Kwa nini jibu lisiwe nusu ya njia hii na nusu ya ile? Jibu liko kwenye umbo la masharti. Kila kiungo kinaonekana mara mbili tu kwenye jedwali la masharti, +1 kinakoingia na -1 kinakotoka, na Alan Hoffman na Joseph Kruskal walionyesha mwaka 1956 kwamba majedwali ya tabia hii hutoa pembe zenye namba kamili. Simplex ikisimama kwenye pembe, imesimama kwenye njia nzima.

Na Dijkstra anaingia wapi? Mwaka 1955 Harold Kuhn alichapisha mbinu ya kugawa kazi kwa watu ambayo huinua vigezo vya tatizo pacha kidogo kidogo hadi njia ya kutosheleza tatizo la awali ifunguke. Mwaka uliofuata Dantzig, Lester Ford na Delbert Fulkerson waliipanua iwe mbinu ya jumla kwa matatizo yote yenye lengo na masharti ya mstari. Ichukue mbinu hiyo ya jumla, uitumie kwenye njia fupi penye gharama zisizo hasi: anza na vimo vyote sifuri, inua nodi zote zilizo nje ya ukuta kwa pamoja, simama uzi mmoja unapokaza, iingize nodi hiyo ndani, inua tena. Ni Dijkstra, hatua kwa hatua. Mtu mmoja mkahawani Amsterdam na watu wa uboreshaji upande wa pili wa bahari walikuwa wanachimba kisima kimoja kutoka pande mbili, karibu mwaka uleule. Hili ndilo linalonifanya nisiuchoke mradi huu.

Siku ya 9

Mkaguzi ameandikwa. Anapokea grafu, njia na vimo. Anahakikisha kwamba njia inaanzia S na kuishia T kwa viungo vilivyopo kweli. Anahakikisha kwamba hakuna kiungo kinachovunja sharti la kimo. Anajumlisha gharama za njia na kulinganisha na kimo cha T juu ya S. Zikilingana, anakubali. Ni mistari ishirini hivi.

Majibu yanayokubalika ni matatu. La kwanza ni hilo: njia na vimo. La pili ni pale T isipofikika. Hapo ushahidi ni ukuta usio na mlango, yaani orodha ya nodi zinazofikika, na Mkaguzi anaangalia kwamba hakuna kiungo kinachotoka nje yake. La tatu lilinichukua muda kulikubali: mzunguko wenye jumla hasi. Ukiwepo njiani mtu anaweza kuuzunguka bila kikomo na gharama ikashuka milele. Ushahidi ni mzunguko wenyewe. Ukijumlisha masharti ya kimo ya viungo vyake, vimo vyote vinafutana, na kinachobaki kinadai kwamba sifuri haizidi namba hasi. Kwa hiyo hakuna vimo vinavyowezekana hata kimoja, na huhitaji kuvitafuta.

Siku ya 10

Mkaguzi amenikatalia jibu kwa mara ya kwanza. Nimefurahi kuliko siku alipokubali.

Grafu: S kwenda A ni 4, S kwenda B ni 6, B kwenda A ni -3, A kwenda T ni 1. Dijkstra anafunga A kwa 4, T kwa 5, kisha B kwa 6. Anaripoti 5. Mkaguzi anaangalia kiungo cha B kwenda A: kimo cha A kisizidi 6 - 3 = 3, lakini kimeandikwa 4. Amekataa. Njia ya kweli ni S, B, A, T, gharama 4.

Kila kitabu kinasema Dijkstra hatumiki penye gharama hasi. Sasa naona ni kwa nini, kwa lugha ya kuta. Ukuta ukishajengwa haubomolewi, na kiungo hasi kinamrudisha mtu ndani ya ukuta kwa malipo. Tiba ambayo Donald Johnson aliitoa mwaka 1977 ni nzuri mno: tafuta kwanza vimo vyovyote halali kwa mbinu ya Bellman na Ford, ambayo haiogopi namba hasi, kisha badilisha kila gharama kwa kuongeza kimo cha mwanzo wa kiungo na kutoa kimo cha mwisho wake. Hapa vimo ni S 0, B 6, A 3, T 4. Gharama mpya zinakuwa 1 kwa S-A na 0 kwa vingine vyote. Hakuna hasi tena, Dijkstra anaweza kurudi, na mpangilio wa njia kwa ubora haujabadilika, kwa sababu kila njia ya S hadi T imepungukiwa kiasi kilekile. Ukiwa na njia moja tu ya kutafuta, tiba hii hailipi, kwa kuwa Bellman na Ford wamekwisha kukupa jibu. Ukiwa na jozi zote za nodi, inalipa sana.

Siku ya 11

Fupi. Mkaguzi alikataa jibu sahihi. Kosa ni langu: niliandika ukaguzi kama kimo cha v kutoa kimo cha u kisizidi gharama, huku gharama zikiwa na desimali. Kwenye kompyuta 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na ukitoa 0.1 hapo unapata 0.20000000000000004, ambayo inazidi 0.2. Kuna anayeweza kunishauri niruhusu tofauti ndogo. Sitaki. Ushahidi wenye "karibu" ndani yake si ushahidi tena. Nimegeuza gharama zote kuwa namba kamili: zinazidishwa kwa 1000 na kukatwa desimali zilizobaki mara moja mlangoni, kabla ya chochote. Kuanzia hapo hakuna cha kukadiria.

Siku ya 14

Nimehamia kwenye A*, algoriti ya Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael ya mwaka 1968. Kila nodi inapewa kadirio la umbali uliobaki hadi mwisho, na utafutaji unaelekea upande wenye matumaini badala ya kutanuka kama maji sakafuni.

Nilikuwa nikiifundisha kama algoriti nyingine. Sitafanya hivyo tena. Ukichukua makadirio, ukayapa alama ya kutoa, na kuyatumia kama vimo kwa njia ya Johnson, kisha ukaendesha Dijkstra wa kawaida juu ya gharama zilizobadilishwa, utafunga nodi kwa mpangilio ambao A* angezifunga. Sharti maarufu la kadirio thabiti, kwamba kadirio la u lisizidi gharama ya kiungo pamoja na kadirio la v, ni sharti la kimo lilelile, neno kwa neno. Kadirio zuri ni jibu la nusu la tatizo pacha, ulilolijua kabla ya kuanza. Mwenye kuta nusu amebakiwa na kazi nusu.

Na hapo Mkaguzi akanikamata. Nilikuwa na gridi inayoruhusu kwenda mshazari: hatua ya moja kwa moja 1000, ya mshazari 1414. Kadirio langu lilikuwa jumla ya safu na nguzo zilizobaki, kila moja 1000. Hatua moja ya mshazari hupunguza kadirio hilo kwa 2000 ilhali gharama yake ni 1414, kwa hiyo gharama iliyobadilishwa ni -586. Hasi! Programu ilikuwa inatoa njia zilizoonekana nzuri kwa macho, na nyingi zilikuwa sahihi kweli. Bila Mkaguzi ningeziamini zote. Kadirio sahihi kwa gridi hii ni 1000 mara kilicho kikubwa kati ya safu na nguzo zilizobaki, ongeza 414 mara kilicho kidogo. Nimebadilisha, na hakuna kilichokataliwa tena.

Siku ya 15

Utafutaji wa pande mbili, mmoja kutoka S na mmoja ukirudi nyuma kutoka T. Kosa la kawaida ni kusimama pale pande hizo zinapokutana kwenye nodi moja. Kwa kuta ni rahisi kuona pa kusimama: upande wa S umejenga kuta za jumla r, upande wa T za jumla q, na r + q ni kiwango ambacho hakuna njia inayoweza kushuka chini yake mradi kuta za pande mbili hazijapandana. Simama r + q inapofikia gharama ya njia bora iliyokwisha kuonekana. Nimeandika, imepita.

Siku ya 19

Sasa sehemu ngumu. Mwenzangu alirudi na swali lingine, kama nilivyotarajia. Kila kiungo kina gharama na pia muda. Anataka njia ya gharama ndogo ambayo muda wake hauzidi kikomo.

Tatizo hili ni la familia nyingine. Ni gumu kwa maana rasmi: hakuna algoriti ya haraka inayojulikana kwa kila hali. Sharti moja limeongezwa, na lile umbo zuri la jedwali la Hoffman na Kruskal limevunjika. Pembe zenye nusu za njia zimerudi.

Mbinu inayonivutia ni ya Lagrange. Badala ya kulishikilia sharti la muda, liuze: kila kipimo kimoja cha muda kina bei, tuiite bei ya muda. Ongeza bei hiyo mara muda kwenye gharama ya kila kiungo, tafuta njia fupi kwa Dijkstra, kisha toa bei mara kikomo. Kinachobaki, tukiite mpaka, hakizidi gharama ya njia bora halali, bei yoyote isiyo hasi utakayochagua. Swali linakuwa: ni bei ipi inayotoa mpaka ulio juu kabisa? Gabriel Handler na Israel Zang waliijenga algoriti juu ya wazo hili mwaka 1980.

Nimerudi kwenye grafu yangu ya nodi sita na kuviongezea viungo muda: S-A 1, S-B 3, B-A 3, A-C 4, B-C 2, B-D 4, C-D 4, C-T 2, D-T 3. Kikomo ni 10.

Bei ikiwa 0, Dijkstra anatoa njia yetu ya zamani, gharama 13, muda 17. Umezidi. Mpaka ni 13. Bei ikiwa 1, anatoa S, A, C, T: gharama 15, muda 7. Hii ni halali, kwa hiyo tayari nina njia ya 15 mkononi. Mpaka ni 15 + 7 - 10 = 12, chini kuliko ule wa kwanza; bei kubwa mno inaharibu kama bei ndogo mno. Bei inayofuata ni ile ambayo njia hizi mbili zinalingana: 13 + 17 mara bei iwe sawa na 15 + 7 mara bei, yaani 0.2. Dijkstra kwa bei hiyo anatoa 16.4 na hakuna njia iliyo chini yake. Toa 2. Mpaka ni 14.4, na hauwezi kupanda zaidi.

Kati ya 14.4 na 15 kuna pengo la 0.6 ambalo pacha hawezi kuliziba. Lakini gharama za grafu hii ni namba kamili tangu mwanzo. Hakuna njia yenye gharama kamili iliyo kati ya 14.4 na 15. Kwa hiyo 15 ndilo jibu, na ushahidi wake ni bei ya 0.2 pamoja na vimo vya nodi sita chini ya bei hiyo. Ili Mkaguzi asiguse desimali, ninamzidishia kila kitu kwa 5. Anapokea bei kama kigezo kimoja cha ziada. Nimemwongezea mistari minne.

Siku ya 22

Siyo kila mara mambo yanakaa hivyo. Nimeunda grafu za nasibu, na kwenye baadhi yake pengo linazidi 1, kwa hiyo kuupandisha mpaka hadi namba kamili inayofuata hakutoshi. Hapo ulegevu niliouandika siku ya 8 umenisaidia. Kwa bei bora, kila njia ina gharama sawa na mpaka pamoja na jumla ya ulegevu wa viungo vyake, pamoja na marekebisho ya muda. Njia halali inayoweza kushinda ile niliyo nayo mkononi haiwezi kuwa na jumla ya ulegevu inayozidi pengo. Basi kiungo ambacho ulegevu wa njia fupi kabisa inayokipitia tayari unazidi pengo, kinafutwa kwenye grafu bila majuto, nacho ni ushahidi unaokaguliwa kwa kutoa namba mbili. Kinachobaki baada ya kufuta huwa kidogo, na njia zake zinaweza kuorodheshwa moja moja.

Hali ya sasa: kufuta viungo kunafanya kazi na Mkaguzi anakukagua. Orodha ya njia zilizobaki bado hakagui. Anaiamini programu yangu, na hilo ndilo tobo pekee lililobaki. Nimeanza kuandika orodha hiyo kama mti wa matawi, kila tawi likifungwa kwa vimo vyake na bei yake, ili kila jani libebe ushahidi wake lenyewe. Toleo lenye lundo limeunganishwa jana na limepita kwenye grafu zote za zamani. Nimemtumia mwenzangu faili ya vimo vya grafu ya nodi sita, bila msimbo. Amejibu kwamba amejumlisha kwa mkono, na hakuna ya 12.